Siku sifuri ni lini? Shajara ya kufukua tarehe kwenye mafaili ya zamani

Jumatatu, 3 Februari

Kazi imekuja ndani ya bahasha ya kaki: flopi kumi na moja za inchi tatu na nusu. Nane zinasomeka, tatu zimeota ukungu. Zimetoka kwenye saccos ya wafanyakazi hapa Morogoro, jina nitabaki nalo mwenyewe. Wanachama wa zamani wanastaafu na kila mmoja anataka taarifa ya michango yake tangu siku ya kwanza, lakini mfumo wanaotumia leo unaanzia 2007. Kabla ya hapo palikuwa na programu ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Aliyeiandika hapatikani tena, na hakuacha hata karatasi moja ya maelezo.

Tumekubaliana hivi: nitoe kila rekodi ya kuanzia Julai 1994 hadi Desemba 2006, ikiwa na namba ya mwanachama, kiasi na tarehe. Namba za wanachama nimezisoma leo leo, na kiasi pia. Tarehe ndiyo iliyonikwama kooni.

Faili kubwa linaitwa MICHANGO.DAT, na pembeni yake kuna MICHANGO.K01 na MICHANGO.K02. Rekodi zote zina urefu mmoja, kwa hiyo ukizipanga mstari chini ya mstari kwenye kisoma-heksi (programu inayoonyesha kila baiti ya faili kwa heksi, yaani namba zinazohesabiwa kwa 16, ambamo A hadi F ni 10 hadi 15) unaona safu zimesimama wima kama nguzo. Safu moja ya baiti nne imenivuta jicho:

60 19 01 00

Nikaisoma kinyumenyume haraka haraka: 00, 01, 1960. Mwaka 1960, mwezi wa kwanza, siku sifuri. Nikajiambia huenda ni mwaka wa kuzaliwa na siku haikujazwa. Rekodi ya chini yake ilikuwa 61 19 01 00, na 1961 nayo ikakaa vizuri tu. Nikashuka kidogo nikakuta 6A 19 01 00. Hakuna mwaka wenye herufi A. Nikafunga kompyuta nikaenda kula.

Jumanne, 4 Februari

Leo nimezichukua baiti nne kama namba moja. Kompyuta za aina hii huandika namba kwa kutanguliza baiti ndogo, kwa hiyo 60 ya heksi ni 96, 19 ni 25 mara 256, na 01 ni mara 65536. Jumla 72032. Nyingine zikawa 72033 na 72042. Rekodi ya kwanza kabisa ya faili, 15 14 01 00, ni 70677.

Ukizitazama namba hizi kwa mpangilio wa faili, zinatulia kwa rekodi ishirini, thelathini, kisha zinapanda moja. Mara zinaruka mbili. Zinavyotembea hivi ni siku zinahesabiwa, hakuna ubishi. Ila kuhesabu siku kunataka pa kuanzia, na kila aliyeandika programu zamani alijichagulia siku sifuri yake.

Kwanza nikapima muundo wa DOS wenyewe, ule unaobana tarehe kwenye baiti mbili: biti (zile 0 na 1 zinazounda baiti) saba za mwaka kuanzia 1980, nne za mwezi, tano za siku. Rekodi ya kwanza ikanipa mwaka 1990, mwezi 0, siku 21. Mwezi sifuri haupo, nikaendelea.

Nikajaribu hesabu ya Excel, ambayo kwa tarehe za kuanzia Machi 1900 ni sawa na kuhesabu kutoka 30 Desemba 1899. (Kabla ya hapo inapishana kwa siku moja, kwa sababu Excel ilirithi kosa la Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, la kudhani mwaka 1900 ulikuwa mrefu.) Namba 70677 ikawa 2 Julai 2093. Nilikuwa naifuta pale pale, kisha mkono ukasita. Chama kilisema Julai 1994. Toa miaka 99 kwenye 2093 utaona.

Bahati nzuri sikushangilia. Niliweka pia siku sifuri ya MUMPS, mfumo uliozaliwa katika hospitali ya Massachusetts General kule Boston, ambao huhesabu kutoka 31 Desemba 1840. Ikaja 4 Julai 2034. Julai tena! Basi Julai peke yake si ushahidi wa kitu.

Alhamisi, 6 Februari

Wazo limenijia nikiwa kwenye daladala, nikitazama maduka yaliyofungwa ambayo kwa kawaida huwa wazi. Mafaili haya yana siku ambazo hakuna mtu aliyekuja kazini, na siku hizo zinajulikana.

Nimechukua rekodi elfu ishirini za mwanzo, nikagawanya kila namba kwa 7 na kuhesabu baki. Baki 1 hadi 5 zimelingana karibu sawa. Baki 6 haifiki nusu ya wenzake. Baki 0 ina rekodi tisa tu. Mtu yeyote aliyewahi kwenda ofisini Jumamosi akakuta wanafunga mchana anaijua picha hii: baki 0 ni Jumapili, baki 6 ni Jumamosi. (Zile tisa zote zina namba moja ile ile. Mhasibu ananiambia mkutano mkuu wa mwaka ulikuwa unafanyika Jumapili, na watu walichanga pale pale mlangoni.)

Nikarudi kwenye makisio yangu. Kwa siku sifuri ya MUMPS, chama kingekuwa kinafunga kila Alhamisi. Kwa siku sifuri ya Excel, kingefunga Jumamosi nzima na kuondoka mapema Ijumaa, yaani nimefukua saccos ya Wasabato. Jambo hilo linawezekana kabisa, na ndiyo maana niliuliza. Siyo.

Sasa najua siku sifuri yao ilikuwa Jumapili. Jumapili ipi? Hapo nikatafuta mapengo mengine: namba ambazo si baki 0 lakini hazina rekodi hata moja. Yamo mengi, maana Pasaka na Idi zinahama kila mwaka. Ila yapo yasiyohama. Manne kati yake niliyapata hivi:

71342, 71347, 71569, 71585

Kati ya la kwanza na la pili siku 5. Kati ya la pili na la tatu siku 222. Kisha 16. Nikachukua kalenda ya ukutani na kalamu. Kutoka Muungano, 26 Aprili, hadi Mei Mosi ni siku 5. Kutoka Mei Mosi hadi Uhuru, 9 Desemba, ni 222. Kutoka Uhuru hadi Krismasi ni 16. Nilihesabu mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, mpaka mke wangu akauliza kulikoni.

Tena 71569 ina baki 1, yaani Uhuru ya mwaka huo iliangukia Jumatatu. Ndani ya kipindi chetu hilo lilitokea 1996 na 2002. Ukichukua 1996, rekodi ya kwanza inaangukia Ijumaa, 1 Julai 1994. Ukichukua 2002, inaangukia 30 Juni 2000. Chama kilisema Julai 1994.

Jumamosi, 8 Februari

Hesabu tamu bila karatasi ni ndoto. Leo nimekwenda kwa mzee mmoja mstaafu, mwanachama tangu mwanzo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe unayetafuta hela zetu?"

"Natafuta tarehe zake tu, mzee. Hela zipo."

Akacheka, akaingia ndani. Alirudi na kitabu cha akiba kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni na mpira wa manati. Kurasa zimegeuka rangi ya chai lakini mihuri inasomeka. Ukurasa wa sita: shilingi 5,000, muhuri wa zambarau, 17 MACHI 1998. Kwenye faili, mwanachama huyo huyo, 5,000 hiyo hiyo, baiti 60 19 01 00. Ile "1960" yangu ya siku ya kwanza.

Rudi nyuma siku 72032 kutoka 17 Machi 1998 unatua 28 Desemba 1800. Ilikuwa Jumapili.

Tarehe hiyo haikunikumbusha kitu chochote. Jioni nikafanya jambo ambalo ningelifanya Jumatatu ningejiokolea siku nne: nikatafuta maneno yanayosomeka ndani ya faili la EXE la programu yenyewe. Limo neno Clarion. Ni lugha ya Marekani ya miaka ya 1980 ya kutengenezea programu za hifadhidata, na tarehe zake huhesabiwa kutoka 28 Desemba 1800, hivyo 1 Januari 1801 ni namba 4. Kutoka kwenye namba ya Clarion kwenda siku za Unix, zinazoanza 1 Januari 1970, unatoa 61730. Mstari mmoja wa kodi ya programu. Nimecheka peke yangu.

Jumanne, 11 Februari

Nimegeuza faili zima na furaha ikakatika. Zipo rekodi nyingi zinazodai ni za mwaka 1900.

Zinaanza na 45 8D 00 00, ambayo ni 36165, yaani 3 Januari 1900. Zimekaa kwenye faili baada tu ya Desemba 1999, na zinaendelea hadi Juni. Julai tarehe zinarudi sawa, 2000 kamili. Asubuhi programu ilipowashwa ilionyesha tarehe ya mashine kwa tarakimu mbili za mwaka, karani akabonyeza Enter, kisha programu ikaisoma upya ile 00 na kuiwekea 19 mbele. Baadaye mtu alikuja kuirekebisha. Miezi sita ilikuwa imeshaingia.

Nikaona ni rahisi. Kati ya 1 Januari 1900 na 1 Januari 2000 kuna siku 36524, kwa hiyo jumlisha 36524 kwenye kila namba ya kundi hilo, mchezo umekwisha. Kabla ya kuhifadhi nikapima mabaki ya saba, maana sasa nimekuwa mtu wa mabaki ya saba. Januari na Februari Jumapili zikakaa tupu, safi. Kuanzia Machi siku tupu ikahamia Jumamosi, na ofisi ikawa inafanya nusu siku Ijumaa. Wasabato wamerudi.

Chanzo ni Februari. Mwaka 1900 haukuwa mrefu: miaka ya mamia huwa mirefu pale tu inapogawanyika kwa 400. Mwaka 2000 unagawanyika. Kwa hiyo kutoka 1 Machi 1900 hadi 1 Machi 2000 ni siku 36525, na jumlisho langu lilikuwa pungufu ya siku moja kwa miezi minne mizima. Njia sahihi ni kuigeuza namba kuwa siku, mwezi na mwaka kwanza, kubadilisha karne, ndipo uendelee.

Na je, 29 Februari 2000 yenyewe? Ilikuwa Jumanne, siku ya kazi. Kwenye faili haimo, wala isingeweza kuwamo: programu iliyodhani iko 1900 ingeikataa. Nikatazama 28 Februari. Ina rekodi karibu mara mbili ya siku za jirani, na namba za risiti zake zinaanza, zinakwenda, kisha saa zinarudi asubuhi upya katikati ya siku. Karani alikataliwa tarehe, akaandika ya jana, kazi ikaendelea. Ningefanya vile vile.

Nilikuwa nimepiga picha kitabu cha mzee. Ukurasa wa kumi na moja: 29 FEB 2000. Faili linasema 28.

Jumatano, 12 Februari

Mapumziko kidogo. Orodha ya wanachama iko kwenye WANACHAM.DBF, na dBase, programu ya zamani ya hifadhidata yenye mafaili ya aina hii, ni muungwana: tarehe ya kuzaliwa ni herufi nane wazi, mwaka, mwezi, siku, unazisoma hata kwa Notepad. Baiti ya pili hadi ya nne za faili ni tarehe ya mwisho lilipohaririwa; hapa ni 62 0B 1E, yaani 98, 11, 30. Kazi ya dakika ishirini. Tahadhari moja tu: rekodi inayoanza na nyota imefutwa kwa jina, bado imo. Nimeziacha zote, kwa sababu walioondoka chamani ndio wanaokuja kudai.

Ijumaa, 14 Februari

Safu ya saa. Baiti 11 5C 0C 00 ni 810001. Namba zote za safu hii zinaishia na 1, na hilo lilinisumbua mpaka nikakumbuka kwamba saa ya Clarion ni sehemu za mia za sekunde tangu usiku wa manane, kisha inaongezwa moja, ili sifuri ibaki na maana ya "haikujazwa". Toa moja, gawanya kwa 6000, unapata dakika 135. Saa 2:15.

Saa 2:15 za usiku mtu analeta mchango wa saccos?

Saa ziliandikwa kwa mkono, na kila rekodi ina alama ya karani. Wako wawili. Wa kwanza anaanza 2:00 na kumaliza 9:30. Wa pili anaanza 8:05 na kumaliza 15:30. Nadhani msomaji ameshacheka kabla yangu. Mimi ilibidi niende kuuliza. Karani wa kwanza amestaafu, anakaa Kihonda na anauza vitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikamweleza, nikamwonyesha kwenye karatasi. Akavua miwani akanitazama kama mtu aliyechelewa shule.

"Saa mbili ni saa mbili. Ulitaka niandike nane, nionekane nimefungua ofisi saa nane mchana?"

"Na mwenzako je?"

"Yule alitoka benki. Alishazoea saa za Kizungu."

Basi: karani wa kwanza nimemwongezea saa sita, wa pili sikumgusa. Palipo na utata ni siku ambazo mmoja alikalia mashine iliyofunguliwa kwa alama ya mwenzake. Ikiwa chini ya alama ya wa pili imeandikwa 2:40, hakuna swali, ni ya mama. Ikiwa 8:10, inaweza kuwa asubuhi au saa nane mchana, na hapo natazama majirani: kama inayotangulia ni 7:50 na inayofuata ni 8:25, ni mchana, kwa sababu wa pili hajawahi kuanza kabla ya 8:05.

Jumatano, 19 Februari

Rekodi thelathini na moja zimebaki, zote 66 FF 00 00. Ni 65382, yaani 1 Januari 1980: tarehe inayoshikwa na mashine ya DOS ikiamka bila kujua ni lini. Betri ya saa ilikufa, umeme ukakatika, asubuhi karani akabonyeza Enter bila kuangalia. Nyingi ni za 2006, na anayekumbuka mgao wa mwaka ule hatashangaa.

Zinatibika kwa mpangilio wa faili. Mfano kundi la kumi na nne lililo kati ya Ijumaa 10 Novemba 2006 na Jumatatu 13 Novemba. Ijumaa ilishafika 9:20 kabla ya kundi hili kuanza, kwa hiyo ofisi ilikuwa inafunga. Kundi lenyewe linaanza 2:10 na kwisha 5:40. Baada yake Jumatatu inaanza upya 2:05. Anayeanza asubuhi na kuondoka saa tano na dakika arobaini ni mtu wa Jumamosi. Nimeandika 11 Novemba, nikaweka alama ya makisio.

Makundi mengine yametoka kwa njia hiyo hiyo. Rekodi nne zimegoma: ziko peke yake peke yake kati ya siku mbili za kazi, saa za mchana, zinaweza kuwa za upande wowote.

Jumanne, 25 Februari

Nimekabidhi. Jedwali lina safu tatu za tarehe: namba kama ilivyo kwenye faili, tarehe iliyosomwa, na tarehe iliyorekebishwa pamoja na sababu kwa neno moja: karne, betri, Februari. Sikufuta kitu. Siku mkaguzi akiuliza kwa nini rekodi ya 1980 imekuwa ya 2006, baiti zake ziko pale.

Mhasibu alisita kwenye ile Jumanne ya 2000. Faili linasema 28, kitabu cha mzee kinasema 29; taarifa ya mwanachama ichapwe ipi? Nikamwambia mimi nimeleta zote mbili. Akazungusha kalamu kidogo, akachagua muhuri. Palipo na kitabu, 29. Pasipo na kitabu, rekodi zilizo baada ya saa kurudi asubuhi zinachapwa 29 na nyota chini.

Zile nne nimemwandikia kwa wino mwekundu na majina ya wanachama wake, atafute vitabu vyao. Zimebaki flopi tatu zenye ukungu. Nimenunua spiriti na pamba, na fundi mmoja wa redio Msamvu ameniahidi diski-draivu ya akiba, ili nisije nikaichafua hii moja niliyo nayo.